Mninga na mkurungu wa Ulyankulu: Ndugu wawili, hatari mbili tofauti

MNINGA hauhitaji kutambulishwa kwa mkazi wa mjini. Kitanda cha mninga, mlango wa mninga na kabati la mninga ni maneno ya kila siku katika karakana za samani za Keko jijini Dar es Salaam, na mnunuzi akiyasikia hujua mara moja kwamba bei haitakuwa ya kawaida. Mkurungu haujapata sifa hiyo. Wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza katika habari za malori na makontena ya magogo mekundu, na hawajui kuwa mti huo ni ndugu wa karibu wa mninga.

Udugu huo si wa kusingiziwa. Miti yote miwili ni ya jenasi moja, Pterocarpus, katika ukoo mkubwa wa mimea ya jamii ya kunde. Kitaalamu mninga huitwa Pterocarpus angolensis na mkurungu Pterocarpus tinctorius. Yote miwili ni miti ya asili ya misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, ile inayoizunguka Ulyankulu katika Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora, na kuendelea hadi Katavi na Kigoma.

Katika Orodha Nyekundu inayotolewa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN), mninga na mkurungu vimewekwa katika daraja la chini kabisa la wasiwasi, yaani miti isiyokabiliwa na tishio la kutoweka kwa sasa. Hata hivyo, tangu Novemba 2019 gogo la mkurungu haliwezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali cha kimataifa, na tangu Februari 2023 sharti hilo linaugusa mninga pia. Inawezekanaje mti usiotishiwa ukawekewa ulinzi wa namna hiyo?

Jibu linaanzia katika kile ambacho orodha hiyo hupima. IUCN huutazama mti katika eneo lake lote. Mninga umeenea kutoka Tanzania na Angola hadi Namibia, Botswana, Msumbiji na kaskazini mwa Afrika Kusini, na eneo kubwa kiasi hicho peke yake linatosha kuufanya uonekane salama. Mwaka 1998 uliwahi kuwekwa katika kundi la miti inayokaribia kuwa hatarini. Tathmini ya mwaka 2018 iliushusha. Mkurungu nao unaanzia Angola na Kongo hadi Zambia, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Kwa mtu anayeishi Ulyankulu, habari kwamba mti fulani ni mwingi Angola haina msaada mkubwa. Mti unaweza kuwa salama barani na ukawa umekwisha wilayani.

Nchi ya miombo

Ulyankulu iko kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora, katika nchi tambarare ambayo kwa asili yake ni miombo mitupu. Katika karne ya 19 sehemu hizi zilikuwa ndani ya himaya ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, na jirani yake ilipita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Mwaka 1871 vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia hiyo, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alilazimika kuzunguka upande wa kusini ili afike Ujiji.

Misafara ilipitisha meno ya tembo na watumwa. Mbao haikuwa bidhaa ya safari hiyo, kwa sababu hakuna mpagazi ambaye angebeba gogo mamia ya kilomita hadi pwani. Tembo alilipa gharama ya biashara ile, wakati mninga uliokuwa umesimama kando ya njia ulibaki salama kwa uzito wake tu. Usalama huo ulianza kupungua pale Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na ulitoweka barabara zilipoanza kupitisha malori.

Pigo la kwanza kubwa kwa miombo ya upande huu halikuletwa na wapasuaji mbao. Urambo, wilaya ambayo Kaliua ilimegwa kutoka kwake, ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango huo ulianza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951 baada ya kushindwa vibaya. Karanga zilipokataa, tumbaku ikachukua nafasi yake, na tumbaku haikuondoka.

Kisha wakaja watu. Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walifungua makazi ya Ulyankulu, ambako wengi walianza kulima chakula na tumbaku. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 ardhi na maji vilionekana kutowatosha wote, na sehemu yao ikahamishiwa Mishamo, upande wa Mpanda. Waliobaki waliendelea na kilimo, na wengi wao pamoja na watoto wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Wafugaji kutoka Usukumani nao wamekuwa wakisogea kusini na magharibi wakitafuta malisho katika misitu ambayo zamani mbung'o ndio walioizuia mifugo isiingie.

Yote hayo yalifanyika katika makazi ya miti hii miwili.

Namna ya kuitofautisha

Mninga uliokomaa huwa na urefu wa mita 10 hadi 20, na penye udongo wenye kina na usiotuamisha maji huzidi hapo. Gamba lake ni la kijivu iliyokolea, limepasukapasuka mithili ya ngozi ya mamba. Jani lake moja hubeba vijani vidogo vingi, aghalabu kuanzia 11 hadi 19 na pengine zaidi. Mkurungu huwa na vijani vichache, vipana na vyenye kung'aa, na machipukizi yake huwa na vinyweleo vya rangi ya dhahabu. Ni vinyweleo hivyo vilivyowafanya wataalamu wa zamani wauite chrysothrix, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya nywele za dhahabu. Jina hilo bado limo katika vitabu vya misitu vya enzi za Tanganyika, hivyo anayelikuta asidhani kuwa ni mti wa tatu.

Tunda ndilo linalofichua undugu wao. Ni duara bapa lenye ubawa mwembamba kama karatasi kuzunguka kando, na katikati kuna kifuko kigumu cha mbegu kilichojaa miba. Jenasi yenyewe imepewa jina kutokana na tunda hilo, kwa kuwa Pterocarpus ni tunda lenye bawa. La mninga kwa kawaida ni kubwa, na lile la mkurungu mara nyingi ni dogo zaidi. Maua ya yote miwili ni ya manjano, na yanapochanua katika wakati ambao msitu bado ni mkavu huwa ni neema kwa nyuki. Tabora ni mkoa wa asali na nta tangu zama za ukoloni, na hapo mjini ndipo kilipo chuo cha serikali cha ufugaji nyuki.

Ukilichanja gamba la mti wowote kati ya hii miwili, utomvu mwekundu kama damu hutiririka. Kwa karne nyingi watu wa nchi za miombo wameutumia katika dawa na kutia rangi. Jina tinctorius, kwa Kilatini, ni la mambo ya watia rangi, na huko Angola na Kongo unga mwekundu wa mbao ya aina hii ulitumiwa kupaka mwili na kutia rangi nguo. Kwa bahati, miti yote miwili ilipewa majina ya kitaalamu kutokana na sampuli za Angola: mninga mwaka 1825 na mkurungu mwaka 1859.

Tofauti iliyo muhimu kwa soko imo ndani ya gogo. Kiini cha mninga ni cha kahawia, kuanzia ile ya dhahabu hadi iliyokolea, chenye michirizi myekundu. Mbao yake haipindi wala kusinyaa sana inapokauka, mchwa hawaipendi, na randa hupita juu yake bila taabu. Sifa hizo tatu ndizo zilizoufanya uwe mti wa milango, vitanda na majeneza kuanzia Tabora hadi Afrika Kusini, ambako huitwa kiaat; Zambia na Zimbabwe wanauita mukwa, Malawi mlombwa na Msumbiji umbila. Katika biashara ya dunia jina linalotumika ni muninga, lililochukuliwa kwenye Kiswahili. Kiini cha mkurungu kwa kawaida ni chekundu zaidi, na wekundu huo ndio ulioupeleka mbali.

Utoto mrefu wa mninga

Kabla ya kuzungumzia shoka na msumeno, ni lazima kueleza jambo moja la maisha ya mninga ambalo wanunuzi wengi wa samani hawalijui, na ambalo ndilo kiini cha wasiwasi wote.

Mbegu za mninga ni chache, moja au mbili katika kila tunda, na zimefungiwa ndani ya kifuko kigumu. Zile zinazobahatika kuota huchipua wakati wa mvua, ambazo Tabora hunyesha msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Kiangazi kinapofika, kijiti kilichochipua hufa, ama kwa ukame ama kwa moto wa nyika. Mzizi haufi. Mvua zinaporudi hutoa kijiti kipya, nacho hufa kiangazi kinachofuata. Hali hiyo hurudiwa mwaka baada ya mwaka, na miaka kumi au zaidi inaweza kupita huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi na juu pasionekane kitu cha maana. Siku mzizi unapokuwa na akiba ya kutosha, hutoa shina moja lenye nguvu linalokimbia juu kuupita urefu wa moto. Hapo ndipo mti unapoanza kuonekana kuwa mti.

Kuanzia hapo bado kuna safari ndefu. Mninga ni miongoni mwa miti michache ya tropiki inayoweka pete moja kamili kila mwaka ndani ya shina, kiasi kwamba watafiti nchini Zimbabwe waliweza kuzitumia pete hizo kukadiria mvua za nchi hiyo tangu mwaka 1796 hadi 1996. Hesabu za pete katika nchi za kusini mwa Afrika zimeonyesha kuwa gogo lililofikia unene wa kuvunwa mara nyingi limekaa porini kwa muda unaokaribia karne. Kwa lugha nyepesi, mti unaoangushwa leo katika miombo ya Kaliua huenda ulichipua katika enzi ya Mwingereza, na atakayeuvuna mrithi wake hajazaliwa.

Wala shamba la mninga si jawabu rahisi. Kuotesha mbegu zake kitaluni ni kazi ngumu, na mche unaohamishwa hurudia tabia ileile ya kufa juu na kubaki mzizi. Ndiyo maana mashamba makubwa ya miti nchini yamejaa misindano, mikaratusi na mitiki, huku mbao ya mninga inayofika Keko ikitoka karibu yote katika msitu wa asili.

Moto una nafasi ya pekee katika kisa hiki. Mninga uliokomaa huustahimili kutokana na gamba lake nene, na moto mwepesi unaweza hata kusaidia kulifungua tunda. Moto mkali wa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, unaowashwa na mkulima anayesafisha shamba, mfugaji anayetaka majani mapya au mrina asali asiye mwangalifu, huchelewesha miche hata isiweze kamwe kuvuka kimo cha hatari. Msitu wa namna hiyo unaweza kuonekana una mninga mwingi na kumbe ni wazee watupu.

Soko la nyumbani, soko la ng'ambo

Hapa ndipo njia za ndugu hawa wawili zinapoachana.

Mninga umeliwa polepole na soko la nyumbani. Kila mji uliokua ulihitaji milango na vitanda, na kila eneo la karibu lilipokwisha, wapasuaji walisogea mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Chuo cha Sayansi cha Taifa cha Marekani ulipima mwendo huo kutoka Dar es Salaam na kukuta kuwa kati ya mwaka 1991 na 2005 wimbi la uharibifu wa misitu lilisambaa hadi takribani kilomita 120. Mbao za thamani huondolewa kwanza, kisha zile za thamani ya kati, na mwisho hufuata mkaa.

Kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji mwaka 2003 kuliharakisha mambo upande wa kusini. Shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya viumbe pori, lilitoa ripoti mwaka 2007 ikionyesha kwamba kumbukumbu za China zilikuwa na bidhaa za mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile ambazo Tanzania yenyewe iliandika kuwa imeziuza huko. Mikoa ya magharibi, ambayo kwa umbali wake ilikuwa imebaki na akiba, haikuweza kuachwa nje ya hesabu za wafanyabiashara kwa muda mrefu.

Mkurungu haukupitia hatua hizo. Kwa miaka mingi haukuwa na soko kubwa la nje, na palipokuwa na mninga hapakuwa na sababu ya kuutafuta. Mambo yaligeuzwa na samani za China. Huko kuna mapenzi ya muda mrefu ya mbao nyekundu, ambazo kundi lake huitwa hongmu, na mbao inayotukuzwa kupita zote ni ya ndugu mwingine wa mninga, msandali mwekundu wa India, Pterocarpus santalinus. Biashara ya msandali huo imedhibitiwa kimataifa tangu mwaka 1995. Ulipokuwa adimu na ghali, wafanyabiashara waligeukia aina nyingine za jenasi hiyohiyo. Afrika Magharibi ilipoteza kiasi kikubwa cha Pterocarpus erinaceus, hadi nao ukawekewa udhibiti ulioanza kazi Januari 2017. Mkurungu ukawa zamu iliyofuata.

Nchini Zambia, ambako mti huu huitwa mukula, uvunaji ulilipuka katika miaka ya 2010, na serikali ilitangaza marufuku zaidi ya mara moja bila kufanikiwa kuukomesha. Mlipuko huo ukavuka mpaka kuingia Kongo, katika misitu ya Katanga. Tanzania iliguswa mara mbili, kwanza kwa kuwa na mkurungu wake yenyewe, na pili kwa kuwa sehemu ya mizigo ya majirani hao hupitia Bandari ya Dar es Salaam. Ofisa wa forodha anayefungua kontena lenye magogo mekundu anapaswa kujua kama yamekatwa Zambia, Kongo au Tabora, na gogo halina pasipoti.

Mkutano wa Geneva na wa Panama

Agosti 2019, katika mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini (CITES) uliofanyika Geneva, Malawi ilipendekeza mkurungu uingizwe katika Kiambatisho cha Pili. Pendekezo lilipita na kuanza kutumika Novemba 26 mwaka huo. Novemba 2022, katika mkutano wa Panama, nchi wanachama zilikwenda mbali zaidi na kuingiza aina zote za Pterocarpus za Afrika, mninga ukiwamo, kuanzia Februari 23, 2023. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo na inabanwa na maamuzi hayo.

Kiambatisho cha Pili hakipigi marufuku biashara. Kinadai kibali cha nchi inakotoka mbao, na kabla ya kibali kutolewa wataalamu wa nchi hiyo wanapaswa kujiridhisha kwamba uvunaji hautadhuru uhai wa aina hiyo porini. Udhibiti unahusu magogo, mbao zilizopasuliwa, shashi za mbao, plaiwudi na mbao zilizosindikwa kwa hatua ya awali. Kitanda kilichokwisha kutengenezwa hakimo.

Sababu mojawapo ya kuingiza jenasi nzima ni ile inayojulikana na kila fundi: mti ukishapasuliwa, ndugu hawa hufanana. Ubao mwekundu wa mninga na ubao uliofifia wa mkurungu vinaweza kumchanganya hata mzoefu, na wafanyabiashara waliobanwa kwa jina moja walikuwa wakiandika jingine. Hapa nyumbani pia jina la mninga hutumiwa kwa ukarimu mkubwa, na si kila kitanda kinachouzwa kwa jina hilo kimelistahili.

Ukiitazama kwa makini, sheria hii mpya inamfaa ndugu mmoja kuliko mwingine. CITES husimama mpakani. Kwa mkurungu, ambao hatari yake ilitoka ng'ambo, mpakani ndipo mahali pafaapo. Kwa mninga, ambao unakatwa Kaliua, unapasuliwa kwa msumeno porini na kuuzwa Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam bila kuona bahari, kibali cha kimataifa hakibadilishi kitu kikubwa. Huo unategemea Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vibali vya uvunaji, nyundo ya kugonga alama kwenye magogo, hati za kusafirishia na uaminifu wa vituo vya ukaguzi barabarani, kazi ambazo kwa sasa ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Zaidi ya hayo, mti hauhitaji kuuzwa ili upotee. Tathmini ya misitu ya nchi nzima, NAFORMA, iliyochapishwa mwaka 2015, ilikuta Tanzania Bara ina misitu ya hekta milioni 48.1 na kwamba kati ya mwaka 1995 na 2010 ilipoteza wastani wa zaidi ya hekta 372,000 kila mwaka. Sehemu kubwa ya upotevu huo hutokana na kilimo. Tumbaku inayolimwa Urambo, Kaliua na Ulyankulu hukaushwa kwa moto ndani ya mabani, na kuni zake hutoka katika miombo ileile. Bani halichagui jina la mti. Baadhi ya wakulima huacha mninga mkubwa usimame katikati ya shamba, lakini mzizi unaosubiri chini ya ardhi, ule wa miaka minane au tisa ambao bado haujatoa shina, hung'olewa kwa jembe na mwenye jembe asijue amengoa nini.

Upande wa kusini wa mkoa, Pori la Akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi na sehemu yake kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019, na humo uvunaji wa mbao hauruhusiwi. Miti iliyo katika ardhi ya vijiji, kama ile ya Ulyankulu, haina ngao hiyo.

Lakini sheria ya mwaka 2002 iliviachia vijiji mlango mmoja. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kikaupangia matumizi, kikauza mbao na kubaki na mapato. Kilwa, mkoani Lindi, ndiko jambo hilo lilikofika mbali. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya asili, baada ya kazi ndefu iliyoanza kwa ajili ya mpingo. Kabla ya kuuza gogo moja, wanakijiji walilazimika kuingia msituni kuhesabu miti, kupima unene wake na kukubaliana ni mingapi itakatwa kwa mwaka.

Kwa miombo ya Tabora hesabu ya namna hiyo ingepaswa kutenganisha mninga na mkurungu, na kuhesabu miche pamoja na wazee. Wakati wa kuifanya ni miti ikiwa na majani, kwa kuwa vijani vingi vidogo ni mninga na vichache vipana ni mkurungu. Gogo likishapakiwa kwenye lori kuelekea Tabora mjini, majani yamekwisha kubaki nyuma.